Bunduki ya Kwanza ya Kuwinda Bata: Mtutu Mmoja, Mitutu Miwili, Pompa au Semi-otomatiki?

Mvua zikikatika, mabwawa ya huku kwetu Haut-Katanga yanaanza kusinyaa, na bata waliokuwa wametawanyika kila dimbwi wanakusanyika penye maji yaliyobaki. Usiku ukilala na dirisha wazi hapa Lubumbashi, unawasikia bata wa miluzi wakipita juu ya mabati. Asubuhi yake lazima mtu aniulize: "Yaya (kaka), nataka bunduki yangu ya kwanza. Nichukue ipi?"

Anayeuliza kwa kawaida si mwindaji wa kazi. Ni mwalimu, fundi wa mgodini au mwenye duka. Ana shamba kando ya barabara ya Kasenga, au ana rafiki mwenye shamba lenye bwawa, na atatoka mara tatu au nne kwa mwaka. Hana pesa za kuchezea, wala hataki bunduki itakayomwaibisha mbele ya bata na mbele ya wenzake. Ulinganisho huu ni wake. Mwindaji wa kila wiki ana maswali mengine, na majibu yake anayo begani.

Tofauti kubwa ya watu hawa wawili ni kwamba wa kwanza anasahau. Bunduki ikikaa kabatini miezi minne, kidole kinasahau kifungo cha usalama kiko upande gani, kichwa kinasahau kama mara ya mwisho ilisafishwa. Kwa hiyo nimezipima bunduki zote kwa jicho la msahaulifu, nami nikiwemo.

Karatasi kabla ya bunduki

Kuna sheria mbili za kuzijua kwa namba. Ya kwanza ni Sheria namba 82-002 ya tarehe 28 Mei 1982 juu ya uwindaji, na humo ndimo kinamotoka kibali cha kuwinda. Ya pili ni ile amri yenye nguvu ya sheria namba 85-035 ya tarehe 3 Septemba 1985 juu ya silaha na risasi, inayohusu ruhusa ya kununua na kuwa na bunduki. Ukiwa na karatasi moja bila nyingine, hujakamilika. Kabla hujatoa pesa, hakikisha ruhusa inataja aina ya bunduki na kalibre yake, hasa kama moyo wako uko kwenye pompa au semi-otomatiki. Gobore la kienyeji lisilo na namba, ondoa kichwani.

Mahali nako kuna mipaka. Upemba na Kundelungu ni hifadhi za taifa. Upande wa Likasi, kwenye ziwa Tshangalele, kuna hifadhi ya Lufira ambayo UNESCO iliitambua tangu 1982. Bata akivuka kuingia huko, mpungie mkono. Na kwa kuwa katika mji wetu mlio wa bunduki usiku una maana nyingine kabisa, silaha isafiri ndani ya mfuko wake, tupu, na karatasi zake karibu, hata kama unatoka Kampemba kwenda kilomita ishirini tu.

Nimezipima kwa nini

Kwanza gharama yote: bunduki, kartushi, na siku kitakapovunjika kipuri. Pili uhakika: je, italia asubuhi ya matope baada ya miezi minne ya vumbi? Tatu usalama: ni rahisi kiasi gani kuona kwamba ni tupu? Nne, risasi ya pili, kwa sababu bata wa kwanza wengi hupigwa na risasi ya pili. Tano, uzito na teke lake begani.

Urembo wa mbao na maua yaliyochorwa kwenye chuma sikuupa nafasi. Unapendeza, lakini bata hauoni.

Kwanza tumalize la kalibre

Kalibre 12 ina mtutu wenye upana wa karibu milimita 18.5 kwa ndani. Kalibre 20 ina karibu milimita 15.6. Namba ikipanda, tundu linashuka. Sababu ni hesabu ya zamani: ni mipira mingapi ya madini ya risasi, yenye upana sawa na mtutu, inatimiza ratili moja. Mipira kumi na miwili ni kalibre 12.

Kwa mtu wa kwetu ushauri wangu ni 12, kwa sababu moja tu: kartushi zake ndizo zinazopatikana kirahisi. Kalibre 20 ni nyepesi na teke lake ni la upole, inamfaa mtu mwembamba au kijana anayefundishwa na mzazi, lakini uwe na hakika kartushi zake utazipata wapi mwaka mzima. Kalibre 16 utaikuta kwenye bunduki kuukuu za Kibelgiji na za Kifaransa. Nzuri sana begani, lakini kutafuta kartushi zake ni kazi ya pili.

Onyo kwa nyumba yenye kalibre mbili. Kartushi ya 20 ukiitumbukiza kwenye mtutu wa 12, inateleza na kukwama mbele kidogo, huioni. Mtu anadhani hajaweka kitu, anaweka ya 12 nyuma yake, anafyatua, mtutu unapasuka mkononi. Ndiyo maana viwanda hutengeneza kartushi za 20 kwa rangi ya manjano. Usichanganye mifuko.

Mtutu mmoja wa kukunja

Hii ndiyo bunduki ya wazee wengi vijijini: unaibonyeza, inakunjika katikati, unaweka kartushi moja, unaifunga. Mfano unaojulikana ni Baikal ya Izhevsk, Urusi, ile IZH-18 ambayo baadaye iliitwa MP-18.

Gharama: ndiyo ya chini kuliko zote ikiwa mpya, na kartushi zinakwenda polepole kwa sababu inakulazimisha ufikiri kabla ya kufyatua. Nimeona mtu anamaliza kasha la kartushi 25 kwa mwaka mzima na bado ana bata wa kusimulia.

Uhakika: vipande vya ndani ni vichache, kwa hiyo vya kuharibika navyo ni vichache. Ikiingia matope unaifungua, unapitisha kitambaa, unaendelea.

Usalama: hapa inang'aa. Ikikunjwa, kila aliye karibu anaona tundu na anaona mwanga upande wa pili. Angalizo ni zile zenye nyundo ya nje. Kuirudisha nyundo polepole baada ya bata kupita kunahitaji kidole kikavu na akili tulivu, na saa kumi na mbili asubuhi ndani ya maji ya baridi ya mwezi wa sita, vyote viwili ni adimu. Salama zaidi ni kuifungua kwanza na kuitoa kartushi.

Risasi ya pili: hakuna. Ukikosa, unatazama mikia.

Uzito: nyingi hazifiki kilo 3. Raha kubeba, lakini wepesi huo unalipwa na bega, kwa sababu kartushi ileile hupiga teke kali zaidi ikitoka kwenye bunduki nyepesi. Anza na kartushi za gramu 28.

Inamfaa mwenye bajeti ndogo, anayejifunza, na anayekaa mafichoni kando ya bwawa bata wakishuka karibu. Haimfai mwenye hasira za haraka.

Mitutu miwili

Kuna iliyolala sambamba, na kuna iliyopandana, mmoja juu ya mwingine. Nitasema zaidi juu ya zile za sambamba kwa sababu ndizo zilizojaa katika historia yetu: Wabelgiji waliziacha nyingi, na baba waliwarithisha watoto. Upande wa mpya, Baikal wana ile MP-43, na Uturuki inatoa za bei ya kati.

Mjomba wangu alikuwa nayo moja ya Liège, Ubelgiji, kitako kimepasuka na kufungwa kwa waya wa shaba. Siku ya kwanza aliyonichukua hakunipa bunduki. Alinipa kartushi mbili nizishike mkononi, na kila tulipovuka mfereji au kupanda mtumbwi aliikunja bunduki, akanigeukia: "Mwipwa, tazama. Unaona nini?" Lazima nijibu, "Naona mwanga mara mbili." Asubuhi ile sikufyatua hata mara moja. Lakini mpaka leo nikiona bunduki imefungwa ndani ya mtumbwi, tumbo linanikaza.

Gharama: ya kati ikiwa mpya. Ikiwa kuukuu inaweza kuwa rahisi kama mtutu mmoja, au ghali kama pikipiki, kutegemea jina lililoandikwa juu yake. Kipuri cha bunduki kuukuu hakiuzwi dukani. Kinachongwa na fundi. Ukiwa na fundi mwaminifu, una mali.

Uhakika: ni kama bunduki mbili kwenye kitako kimoja. Zile zenye vifyatulio viwili, kila kimoja na mtutu wake, upande mmoja ukigoma mwingine unafanya kazi. Zenye kifyatulio kimoja ni rahisi kwa kidole, ila ndani yake kuna ufundi mwingi zaidi.

Usalama: sawa na mtutu mmoja, unaona mwanga mara mbili. Nyingi hazina nyundo ya nje, na kifungo cha usalama kiko juu ya kitako, chini ya dole gumba, mahali ambapo hata msahaulifu anapapata.

Risasi ya pili: ipo palepale, na ina faida ambayo bunduki nyingine hazina. Mitutu miwili hii haikubanwa sawa kwenye ncha. Mpangilio wa kawaida ni wa kulia kubanwa nusu, yaani nusu-shoki, na wa kushoto kubanwa kabisa, shoki kamili. Mtutu uliobanwa hupeleka marisau, yaani chembe za ndani ya kartushi, yakiwa yamekusanyika mbali zaidi. Usiobanwa sana huyatawanya mapema. Bata akiinuka karibu unatumia wa kulia, akiwa amekwisha kwenda mbali kidogo unatumia wa kushoto. Kidole kinachagua bila kupoteza muda.

Uzito: kati ya kilo 3 na 3.5 hivi. Imetulia mkononi.

Ile ya kupandana hufanya kazi hiyohiyo, na wengi wanailenga vizuri zaidi kwa kuwa jicho linafuata mstari mmoja mwembamba. Ubaya wake ni kwamba inahitaji kukunjwa sana ili mtutu wa chini upate kartushi, na ukiwa umeketi mtumbwini goti linakuwa njiani. Bei yake kwa kawaida inapanda. John Browning, mbunifu wa bunduki Mmarekani, alikuwa akifanya kazi kwenye kiwanda cha silaha cha FN, Herstal, Ubelgiji, alipofariki mwaka 1926, akiacha muundo wa bunduki ya namna hiyo mezani. Mwanawe Val akaumalizia, na ikaingia sokoni mwaka 1931. Ukiikuta moja kwa mtu anayeiuza bei ya chee, jiulize kwa nini.

Inamfaa mtu wa mtumbwini, mtu anayetembea na wenzake, na yule anayetaka bunduki moja ya maisha. Haimfai anayenunua kuukuu bila kuikagua. Hilo nalirudia chini.

Pompa

Mtutu mmoja, chini yake bomba linalobeba kartushi. Unavuta kishikio nyuma, ganda linaruka. Unasukuma mbele, kartushi mpya inaingia. Zinazojulikana dunia nzima ni Remington 870, iliyoanza mwaka 1950, na Mossberg 500 ya mwaka 1961. Za Kituruki zinazozifuata ni nyingi.

Gharama: ikiwa mpya mara nyingi ni nafuu kuliko mitutu miwili iliyotengenezwa vizuri. Lakini hesabu na kartushi: pompa ina njaa.

Uhakika: hii haichagui chakula. Kartushi nyepesi, nzito, za zamani kidogo, zote inazisukuma kwa nguvu ya mkono wako. Matope na vumbi la kiangazi inavumilia. Kinachogoma mara nyingi ni mtu. Mwaka wangu wa kwanza na pompa ya kuazimwa kwenye uwanja wa kulenga nilipiga vizuri sana, nikajiona bingwa. Baadaye bwawani, na karatasi zangu mwenyewe, bata sita wakaja chini kabisa, wakinyoosha miguu kutua. Nikafyatua, nikavuta kishikio nusu kwa wasiwasi, nikasukuma. Ganda likakwama mlangoni likiwa limesimama kama msumari. Nilikuwa bado nalichokoa kwa kisu bata walipomaliza kuzunguka bwawa, wakanipita tena juu ya kichwa na kwenda zao. Bunduki haikuwa na kosa lolote. Vuta mpaka mwisho, sukuma mpaka mwisho: ndiyo masharti yake yote, na mkono wa mara nne kwa mwaka unayasahau.

Usalama: hapa msahaulifu awe macho. Pompa iliyofungwa haikuambii kitu. Hata ukiifungua na kuona chumba, pale kartushi inapokaa nyuma ya mtutu, ni kitupu, kartushi inaweza kuwa inasubiri kwenye bomba. Lazima utazame, kisha uingize kidole uguse. Kifungo cha usalama cha 870 kiko nyuma ya kifyatulio, unakisukuma kwa upande. Cha Mossberg kiko juu, chini ya dole gumba, na mtu wa mkono wa kushoto atakishukuru.

Risasi ya pili: ipo, na ya tatu pia. Marekani sheria inawataka wawindaji wa ndege wa majini wanaohama kuziba bomba ili bunduki isibebe zaidi ya kartushi tatu, na nadhani ni adabu nzuri popote. Risasi ya nne humpata bata aliye mbali mno: inamjeruhi, akaenda kufia kwenye mafunjo.

Uzito: karibu kilo 3.2 hivi, teke la kawaida.

Inamfaa mtu anayetaka bunduki mpya, ngumu, kwa bei ya kueleweka, na aliye tayari kufanya mazoezi ya mkono nyumbani kwa kartushi za bandia. Haimfai anayewinda akiwa amelala kifudifudi au amebanwa kwenye mtumbwi mwembamba, kwa sababu mkono unahitaji nafasi.

Semi-otomatiki

Unafyatua, inajitema ganda na kujilisha yenyewe. Ziko zinazotumia gesi ya baruti, kama Beretta A300, na zinazotumia mshtuko wa bunduki yenyewe, kama Benelli. Bibi wa zote ni Browning Auto-5, ile yenye mgongo mraba, iliyotengenezwa Herstal tangu 1902.

Gharama: ya juu kuliko tatu zilizotangulia, na za bei rahisi katika kundi hili ndizo ninazoziogopa zaidi.

Uhakika: nzuri ikitunzwa. Ya gesi inakusanya masizi, na masizi yakikutana na mafuta mengi yaliyomwagwa na mtu mwenye nia njema, yanakuwa gundi. Ya mshtuko ni safi zaidi, lakini inataka bega imara na kartushi zenye nguvu ya kutosha. Auto-5 ina pete za msuguano ambazo hupangwa kufuatana na uzito wa kartushi. Anayesahau kuzipanga anaiumiza bunduki na bega lake.

Usalama: ina shida ileile ya pompa, na moja ya ziada. Baada ya mlio, nyingine imekwisha kuingia chumbani bila wewe kufanya lolote. Kijana mwenye furaha ya bata wake wa kwanza anageuka kuwaonyesha wenzake, na mtutu unageuka naye. Hapo ndipo ninapokaa kimya kidogo ninapoulizwa na mtu mpya.

Risasi ya pili ni ya haraka kuliko zote. Teke nalo, kwa zile za gesi, ndilo laini kuliko yote, na kwa mtu mwenye bega bovu hilo peke yake linaweza kuamua. Uzito unategemea muundo, mara nyingi kilo 3 na zaidi.

Inamfaa aliyekwisha kuwinda na wengine misimu kadhaa, ana pesa, na anapenda kusafisha. Wapo, nawajua, wanaofurahia brashi kuliko bata.

Ukiletewa bunduki kuukuu

Soko letu lina nyingi, na ndiko pesa zinakopotelea. Kagua kwa mchana, kwa utulivu, pamoja na fundi.

Anza na karatasi zake: namba iliyochongwa kwenye chuma ifanane na iliyoandikwa. Isipofanana, toka.

Kisha ondoa mitutu na uisome chini. Bunduki za Ubelgiji zina alama ya Liège, herufi ELG ndani ya duara refu. Tafuta pia simba mdogo juu ya herufi PV: maana yake mtutu ulipimwa kwa baruti ya kisasa. Urefu wa chumba nao huandikwa kwa milimita. Bunduki nyingi za kabla ya vita vya pili vya dunia zina chumba cha 65, na kartushi ya 70 huingia bila kulalamika kwa kuwa ncha yake imekunjwa. Inapofyatuliwa ndipo inakosa nafasi ya kufunguka, na shinikizo linapanda. Kuingia si kufaa. Ukiona chuma chenye mistari ya mawimbi kama mkeka uliosukwa, huo ni mtutu wa kizamani uliosokotwa, wa enzi za baruti nyeusi. Utundike ukutani.

Tazama ndani ya mtutu ukielekeza dirishani. Duara za mwanga ziwe kamilifu. Penye kovu, duara linapinda. Ning'iniza mitutu kwa kidole na uigonge kidogo kwa ukucha: ikilia kama kengele, viungo vyake vimeshika, ikilia kama sufuria lililopasuka, kuna mahali solda imeachia. Mwisho, ifunge bila ile mbao ya mbele, uishike kitakoni, uitikise. Mitutu ikicheza, imechoka.

Mmoja wa marafiki zangu alinunua ya urithi kwa sababu "ilikuwa ya mzungu wa kampuni". Ilikuwa kweli ya mzungu wa kampuni. Ilikuwa pia na kalibre 16, chumba cha 65, na kutu ndani kama bomba la Regideso, kampuni yetu ya maji. Sasa iko sebuleni, juu ya televisheni.

Kartushi

Lugha yetu inaita madini ya risasi na kile kinachotoka kwenye bunduki kwa jina moja, na kwa bata hilo ndilo tatizo. Bata humeza changarawe za kusagia chakula tumboni. Akimeza marisau yaliyozama bwawani, anakufa kwa sumu. Marekani walipiga marufuku marisau ya risasi kwa ndege wa majini mwaka 1991, na Umoja wa Ulaya ukayazuia katika maeneo ya maji kuanzia Februari 2023. Ukipata ya chuma, chukua, lakini usiyapitishe kwenye mtutu kuukuu wala kwenye shoki kamili. Chuma ni kigumu, hakibonyei kinapobanwa. Na kwa kuwa ni chepesi kuliko risasi, chagua chembe kubwa zaidi kidogo.

Kwa marisau ya risasi, kartushi ya gramu 32 yenye chembe namba 5 au 6 za Kifaransa, karibu milimita 3 hivi, inatosha kwa bata wa kawaida, mradi awe ndani ya mita 30. Zaidi ya mita 35 mwache. Mke wangu hutambua kwa bukari (ugali wetu) nani kati yetu alifyatua mbali na nani karibu: wa karibu, marisau mengi kwenye nyama, na kuna anayeyakanyaga kwa jino.

Kwa hali yako

Pesa ni kidogo, una bwawa lako, na hujawahi kushika bunduki: mtutu mmoja, mpya, kalibre 12 yenye chumba cha 70. Pesa iliyobaki nunua kartushi nyepesi na mafuta ya kusafishia.

Unatembea na ndugu au marafiki, mnavuka maji kwa mtumbwi, na ungependa mwanao airithi kwa karatasi halali: mitutu miwili sambamba, vifyatulio viwili. Ikiwa kuukuu, fundi aone kwanza, pesa zifuate.

Unapenda kulenga vizuri, unapiga pia sahani za udongo uwanjani, na bajeti inaruhusu: mitutu ya kupandana.

Unataka mpya, isiyolalamika, inayokula kartushi yoyote utakayoipata, na mkono wako una nidhamu: pompa. Jizoeze kuivuta mpaka mwisho huku watoto wakiwa shuleni.

Wewe ni wa mkono wa kushoto: ya kukunja ya aina yoyote, au Mossberg. Semi-otomatiki nyingi zitakurushia maganda mbele ya uso.

Bega lina maumivu, au una umri wa kuwa babu: semi-otomatiki ya gesi ukiweza kuilipia na kuisafisha, la sivyo kalibre 20 ya mitutu miwili, kama umepata mahali pa uhakika pa kartushi.

Nyumba ina watoto na huna kabati la chuma lenye kufuli: nunua kabati. Bunduki mwaka ujao.

Na kama kwa hesabu ya kweli utatoka mara moja tu kwa mwaka, siku ya Jumamosi moja ya mwezi wa saba, mfuate mwenye kibali. Beba thermosi ya chai na mfuko wa bata, ushike kartushi zake mkononi anapovuka mfereji, na akikunja bunduki umwambie unaona mwanga mara ngapi.